Karata ya Kwanza ya Mama Pudensiana

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo Katavi, jikoni, shambani au kijiweni na bodaboda zenu, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mama Pudensiana Luhende. Mkunga mstaafu, mjane, mzaliwa wa Usevya, mkazi wa Kawajense. Alitutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na moja. Wengi wenu mlizaliwa mikononi mwake. Wachache mnajua kwamba alikuwa mcheza briji, na kwamba briji nusura impotezee jina lake.

Briji ni karata za watu wanne, wawili kwa wawili. Mwenzako anakaa mbele yako, mnatazamana. Kabla ya kucheza, kila mmoja kwa zamu anatangaza upande wake utakula mizunguko mingapi kati ya kumi na mitatu. Wapinzani wakishika tangazo, nyie ndio mnaotupa karata ya kwanza, na kazi yenu ni kuwaangusha. Pudensiana alifundishwa na padre mmoja wa misheni, enzi za uuguzi wake. Naye akamfundisha Enoka, karani mstaafu wa reli, mgane. Kila Jumamosi mchana walikaa Makanyagio, barazani kwa Hilaria fundi cherehani, wakicheza dhidi ya Hilaria na mumewe, Makarius.

Sasa huyo Makarius. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, na alishasikia uongo wa kila aina. Jambo moja lilimnyima raha. Kila Pudensiana akishika magarasa matupu, kila akiwa hana kitu mkononi, karata yake ya kwanza iliangukia palepale Enoka alipokuwa na nguvu. Mara shupaza, mara kopa. Mara ya kwanza Makarius aliita bahati. Mara ya sita aliacha kuita bahati.

Akaanza kuwachunga. Pudensiana akikohoa, Makarius anahesabu. Akigusa hereni, anaangalia ni ya sikio lipi. Enoka akifuta miwani, anamkazia macho hadi anasahau karata zake mwenyewe. Jumamosi moja alitundika kitenge katikati ya meza ili wasionane. Pudensiana alicheka, akapitisha shupaza chini ya kitenge. Enoka alikuwa na shupaza tano. Makarius akainama kuangalia miguu yao. Aliona kandambili tu, kila jozi mahali pake. Hilo halikumtuliza. Lilimfanya aamini kwamba wamejipanga vizuri kuliko alivyodhani.

Ndipo akayatoa nje. Alimwambia jirani mmoja kwamba Pudensiana na Enoka wana lugha yao. Alimaanisha karata. Jirani hakusikia karata. Alisikia mjane na mgane. Haikupita wiki, wanawake wa jumuiya ya kanisa wakawa wananyamaza Pudensiana akiingia.

Emelyne, binti yake, muuguzi kama mama, anakumbuka siku alipomuuliza waziwazi. "Mama alikuwa anachambua mchele," anasema. "Hakuinua kichwa. Akaniambia, 'Na wewe?' Basi. Sijawahi kuona aibu kama ile."

Enoka hakungoja kuulizwa. Alifunga mizigo, akahamia kwa dada yake Inyonga.

Jumamosi iliyofuata Pudensiana alikuja barazani na Emelyne, binti aliyefundishwa mchezo na mama yake tangu akiwa shule. Akavuta kiti mbele ya Makarius.

"Leo nacheza na wewe," alimwambia. "Emelyne atakaa na Hilaria. Nichunge vizuri."

Makarius aligawa karata mwenyewe. Zake alizibana kifuani. Hakukohoa. Zamu ilipomfikia alisema amepita, kwa sauti ileile kila mara. Hilaria na Emelyne wakatangaza mizunguko tisa, bila turufu, yaani bila rangi inayokula zingine. Pudensiana akatupa shupaza ndogo. Makarius akatazama mkono wake. Shupaza tano, mbili kati ya hizo ni za wakubwa. Anasema alizihesabu mara mbili.

Waliwaangusha. Kisha Makarius akamuuliza taratibu alijuaje.

"Mkono wangu haukuwa na kitu," Pudensiana alijibu. "Nikianza na rangi yangu ndefu, nitashika zamu tena kwa karata gani? Basi naacha kujitazama, nawasikiliza wao. Wametangaza tisa, hawakuthubutu kupanda zaidi. Kwa hiyo nguvu iliyobaki iko kwako. Na hawakutaja shupaza wala kopa. Kopa ninazo nne, shupaza mbili. Hizo shupaza zingine zitakuwa kwa nani?"

Hata hapo Makarius hakutaka kuamini. Siku mbili nzima alitafuta kioo, dirisha, chochote kilichoweza kumwonyesha Pudensiana karata zake. Alikwenda akakaa kwenye kiti kile. Aliona ukuta tu.

Siku ya tatu akaenda Kawajense kuomba msamaha. Pudensiana alimpa kiti, akampa chai. Halafu akamwambia, "Mzee, hukunisema humu ndani."

Makarius alielewa. Alhamisi alisimama mbele ya jumuiya yote, akasema amewasingizia watu wawili wasio na kosa. Kesho yake akapanda basi kwenda Inyonga. Enoka alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alimwambia amemsamehe, ila kwenye meza ile harudi. Na kweli hakurudi. Miezi mitano baadaye moyo wa Pudensiana ukasimama.

Enoka alikuja kuzika. Wakati wa kushusha jeneza alishika kamba upande mmoja, Makarius upande wa pili. Makarius alikuwa anaiachia kamba haraka mno. Enoka akamwambia, "Taratibu, mzee. Nakufuata."

Wasikilizaji wapendwa, kuna mtu leo unamshuku kwa sababu amejua jambo ambalo wewe hukulijua. Umeshamuuliza yeye mwenyewe? Au umeanza na jirani? Tutafakari hilo.

Pole sana Emelyne, pole ukoo wa Luhende, pole watu wa Usevya na Kawajense. Na pole kwako, Mzee Enoka wa Inyonga. Tumesikia kwamba pale msibani watu walisita kukupa mkono, wakihofia watasemwa. Sisi tunakupa pole hapa hapa, mkoa mzima ukisikia.