Mama Domitila na Msalaba wa Nne

Baba Mchungaji Leodgar, msimamizi wa Makao ya Watoto ya Kidahwe, wazee wetu wa Rusimbi, majirani, na ninyi ndugu mliokuja kwa boti kutoka Kagunga na wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, shikamooni, na poleni kwa msiba. Mimi ninayesoma kwa niaba ya familia wengi mnanijua kwa jina la Davis, mtoto aliyelelewa na marehemu, na dada yangu Agnesi, aliyemzaa mwenyewe, ndiye aliyeniruhusu kusimama hapa. Ofisi ya Makao ilituletea jana historia ya marehemu iliyokwisha kuchapwa, kurasa mbili safi zisizo na kosa hata moja la tarehe, nimeikunja, iko mfukoni, na hapo mfukoni itabaki.

Marehemu Domitila Leonardi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika kijiji cha Kagunga, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Leonardi, mvuvi wa dagaa, na Mama Brigita. Alianza shule hapohapo Kagunga mwaka 1960, akamaliza mwaka 1967, akaja Kigoma mjini kujifunza uhudumu wa zahanati hadi Novemba 1970, na waliosoma naye wanasema darasa zima hakuna aliyekuwa na mwandiko mzuri kama wake, jambo ambalo naomba mlikumbuke. Tarehe 9 Juni 1973 alifunga ndoa na marehemu Bonaventura, karani wa stesheni ya reli, mtu mpole aliyepiga pasi hata soksi zake, Mungu akawajalia mtoto mmoja, Agnesi, mwaka 1975, na Mzee Bonaventura akafariki tarehe 30 Mei 1989, akamwacha mjane wa miaka thelathini na saba.

Tarehe 1 Februari 1990 marehemu aliajiriwa kuwa mlezi mkuu wa Makao ya Watoto ya Kidahwe, chini ya mmisionari aliyeyaanzisha, ambaye sote tulimwita Mama Carmen. Sitamsingizia Mama Carmen, alitupenda, alikesha nasi tulipougua, alitufundisha kuomba, na mimi nimekunywa maziwa yake na uji wake miaka minane, ndiyo maana hasira yangu haina pa kukaa, kwa kuwa kumchukia mtu mwovu ni kazi rahisi. Lakini pale Makao palikuwa na utaratibu, na utaratibu huo haumo katika kurasa zilizoko mfukoni mwangu. Mtoto akifika, jina alilokuja nalo lilibaki getini, akapewa jina alilolichagua mfadhili wake wa ng'ambo, akapigwa picha nalo, na barua zikaanza kwenda kwa jina hilo, na ikitokea mtoto akaondoka au akafa, jina halikuondoka naye, lilivishwa mtoto mwingine wa kimo kilekile, ili mfadhili asivunjike moyo na barua zisikatike. Aliyeyaandika majina hayo katika rejista, kwa ule mwandiko mzuri niliosema, ni marehemu.

Mwezi Desemba 1996, miaka ile ya vita ambayo ufuko wa Kagunga ulijaa watu hata pa kuweka mguu hapakuonekana, alivuka mama mmoja kutoka Makamba, ng'ambo ya mpaka, jina lake Astérie, na watoto wake mapacha wa miaka minne, wa kiume Bukuru na wa kike Butoyi, kama mila inavyowaita mapacha wote, huku kwetu na kule kwao. Mama huyo alishikwa na kipindupindu, akalazwa hemani, watoto wakapandishwa boti pamoja na wagonjwa hadi Kigoma, na pale bandarini lori la Makao likawachukua, kwa sababu walionekana wako peke yao. Tarehe 19 Desemba 1996 wakaandikwa kuwa yatima, Bukuru akawa Davis, Butoyi akawa Ella, kila mmoja ukurasa wake, wala haikuandikwa kokote kwamba wawili hao walilala tumbo moja.

Ndiyo, waombolezaji, Bukuru ni mimi.

Butoyi alifariki kwa surua tarehe 6 Machi 1997, akazikwa nyuma ya jiko la Makao, msalaba wa nne kuhesabu kutoka ukutani, na msalaba huo haukuandikwa jina, kwa sababu Ella hakuwa amekufa, Ella alikuwa na mfadhili, na wiki iliyofuata aliletwa msichana mwingine akaambiwa yeye ndiye Ella. Mimi nilipolia nikimwita Butoyi nilisahihishwa, na nilipomwita tena nilisahihishwa tena, kwa upole, kwa peremende, mpaka nikasahau, maana mtoto wa miaka minne akisahihishwa kila siku husahau hata aliyezaliwa naye.

Jumapili ya tarehe 17 Agosti 1997, Mama Astérie, aliyekuwa amepona na kupelekwa kambini upande wa Kasulu, alifika kwa miguu kwenye geti la Makao akiulizia mapacha wake. Siku hiyo palikuwa na wageni kutoka ng'ambo, wafadhili wa Davis wenyewe, na mimi nilikuwa nimevalishwa shati jeupe, nimepakatwa na mgeni, nakula biskuti. Marehemu alitoka getini, akasikiliza majina, akayajua yote mawili, akaingia ndani kumnong'oneza Mama Carmen, akarudi na jibu kwamba rejista haina watoto wa majina hayo. Kisha akamletea yule mama ugali wa muhogo na dagaa, naye mama akala, akashukuru, akamwombea marehemu baraka kwa Kirundi, akaondoka huku akisikia watoto wakiimba, na mmoja wa walioimba alikuwa ni mimi.

Nimeambiwa marehemu hasemwi vibaya, nami nimelelewa vizuri, nalijua hilo, lakini wahenga wetu pia walisema la kuvunda halina ubani, na hili limevunda miaka ishirini na sita.

Mwaka 2004 wafadhili wa Davis waliacha kuandika, marehemu akaacha kazi tarehe 31 Machi, akanichukua hapa Rusimbi, akanisomesha hadi nikawa fundi wa injini za boti, akanipa chumba, akanipa dada, na watu wakamsifu kwa huruma yake, mimi nikiwa wa kwanza kumsifu. Miaka kumi na saba aliniita Davis ndani ya nyumba hii, Davis njoo ule, Davis umechelewa, na jina langu alikuwa nalo mdomoni wakati wote, kama mtu anayekunyima maji huku mtungi uko nyuma yake. Mama yangu, maana kukuita vingine siwezi, hilo ndilo ninalokudai leo mbele ya watu.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 2015, na tarehe 3 Machi 2021, alipokatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, aliniita kitandani akanieleza yote haya, bila kujitetea, akalia, mimi nikatoka nikakaa wiki tatu bila kumsalimia. Niliporudi sikumkuta nyumbani, alikuwa amekwenda kwao Kagunga na mguu wake ule mbovu, na kila siku ya soko alikaa kwenye mkeka kando ya akina mama wanaovuka kuuza mawese, akimwuliza mmoja mmoja kama anamjua mama wa mapacha aitwaye Astérie aliyetoka Makamba. Alikaa hivyo miezi mitano, wengine wakamdhani amechanganyikiwa, mpaka tarehe 22 Agosti 2021 muuza mawese mmoja akasema anamjua, ni jirani yake, alirudishwa kwao kambi ilipofungwa, bado yuko hai. Alipovuka mpaka kuja Kagunga, ambako nami nilikuwa nimeitwa, Mama Astérie alinitazama sikio la kushoto lenye kovu la utotoni, akasema maneno mawili tu, "Ni uwanje," yaani ni wangu, kisha akamgeukia marehemu akamwuliza, "Na Butoyi?"

Mama Astérie hakuomba fidia, hakuomba hata kuombwa radhi, aliomba kaburi la mwanawe liandikwe jina. Tuliandika barua kwa Makao, na jibu tunalo, la tarehe 11 Julai 2022, lenye mhuri, kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu Ella yuko hai, ameolewa, anaishi Mwanza, kwa hiyo hakuna kaburi la mtoto huyo. Mchungaji Leodgar, baba yangu, wewe wakati ule hukuwapo, lakini sahihi ya barua ni yako, na mama unayemwandikia kwamba mwanawe ameolewa Mwanza ni yule pale aliyekaa kwenye mkeka na akina mama, mwenye kitenge cha kijani, mtazame.

Marehemu alizidiwa mwezi Januari mwaka huu, akalazwa tarehe 28, na akafariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2023, akiwa na umri wa miaka 71, ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na daftari moja la shule, alilolijaza kwa mwandiko wake mzuri akiwa mgonjwa, lenye majina ya kweli ya watoto sitini na watatu na milima waliyotoka, maana kule kwao kijiji huitwa mlima, kila jina na lile lililowekwa juu yake. Daftari hilo ninalo mimi, na mwenye ndugu aliyepotea miaka ile asiondoke leo bila kuja kuniona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Rusimbi mliokesha na mliopika, walezi wenzake wa zamani mliokuja kumwosha, na Fundi Hamdani wa Ujiji, seremala, mtu wa msikitini, tuliyemwagiza msalaba mmoja akatengeneza miwili, na wa pili alipoulizwa bei akasema mtoto hana bei. Huo wa pili mnauona umeegemea ukuta, umeandikwa Butoyi, 1992 hadi 1997. Tukishamzika Mama Domitila saa nane, gari litatoka hapa kwenda Kidahwe, mama mzazi wa Butoyi atakaa mbele, na Mchungaji, nafasi ya pembeni yake tumekuachia wewe, kwa kuwa funguo za geti unazo, na sisi hatutaki kuruka ukuta.

Mama Domitila, umenilea, na umenifisha nikiwa hai, yote mawili ni ya kweli na sijui nitayabebaje. Leo jioni mtoto wa kike wa msalaba wa nne ataitwa kwa jina lake kwa sauti, na mama yake, pale ulipomzuia asiingie. Tukishamwita, nawe ulale kwa amani, mama, na usiku mwema, mimi Bukuru.