Papa Aliyewaacha Samaki

Basi la Rakiraki, kule Fiji, lilijaa mihogo kuliko watu. Mbele yangu mzamiaji mmoja alikuwa akimsimulia bibi asiyemjua.

"Papa alituzunguka mara tatu, bibi, mchana kweupe. Samaki tuliowafunga kiunoni aliwaacha. Akamchukua shemeji yangu."

Bibi akaguna. "Nyumbani kwenu nani ana mimba na anaificha?"

"Aa, bibi! Papa atajulia wapi?"

"Anajua. Mimba ikifichwa, wavuvi wa nyumba hiyo hawako salama."

Jamaa akacheka peke yake. Akamgeukia dada yake, mjane mwenyewe, aliyeketi dirishani na nguo zake nyeusi. "Losalini, unamsikia bibi?"

Basi likasimama kwao.

"Nilitaka nimwambie mume wangu Jumapili," Losalini akasema, akashuka.