Behewa la Marehemu Halitaki Kuwaka

Benchi la nje ya duka la Volti, fundi redio, lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia hawajawahi kukiri kwamba kuna jambo wasilolijua. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa chini, na mezani ilizunguka reli ya treni ya kuchezea ya zamani: kichwa kimoja na behewa moja la abiria, lenye taa madirishani. Mali ya marehemu mume wa Pindo, mama mshona nguo wa mlango wa pili. Wifi yake alikuwa njiani, na kwenye simu alishatamka: kitu cha kaka yake kikiwa kimekufa, atakichukua akakitunze mwenyewe. Pindo alishika kikombe asinywe.

— Tazameni tena, alisema Volti. Kichwa peke yake kinakimbia. Nikipandisha behewa, puu, kila kitu kinazima.

— Transfoma imechoka, alisema Kapteni, dereva wa lori mstaafu. Lori likishindwa mlima, kosa la nani?

— La dereva, alijibu Hakimu, kinyozi ambaye hutoa hukumu kabla ya kesi. Tatizo ni umeme wa siku hizi, mkali mno. Treni hii ilizoea ule wa zamani, wa taratibu. Haba na haba hujaza kibaba. Umejaa humo ndani, hauna pa kutokea.

— Basi tulitoboe paa lipumue, alisema Kapteni.

Pindo akalinyakua behewa, akalipakata.

— Hatoboi mtu hapa.

— Mama, usipoziba ufa utajenga ukuta, alisisitiza Kapteni.

— Sasa unataka kuziba au kutoboa?

— Vyote viwili.

— Mimi naona linaomboleza, alisema Hakimu kwa sauti ya msibani. Vitu vina mapenzi. Mashine yangu ya kunyolea, akiishika mwingine, inang'oa nywele.

— Hata ukiishika wewe inang'oa, alisema Volti.

Wifi alifika katikati ya kicheko hicho, akasalimia, akaketi upande wa tofali. Akalitazama behewa mapajani mwa Pindo, kisha akawatazama wataalamu mmoja mmoja.

— Kabla hamjalifungua, lilikuwa linaumwa nini?

Kapteni alikohoa. Volti alikumbuka kwamba bisibisi yake ina vumbi. Hakimu, kwa mara ya kwanza, aliahirisha kesi.

— Lilikuwa linawaka, wifi, alisema Pindo, akijua maneno hayo yanampeleka wapi. Magurudumu yalikuwa yanalia tu. Nikayachomoa, nikayatia mafuta ya cherehani, nikayarudisha mwenyewe.

Pindo akalipindua behewa tumbo juu, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kumtazama wifi usoni. Ekseli nne, kila moja ina gurudumu tupu na gurudumu lenye pete nyeusi. Pete tatu kushoto. Moja kulia. Jicho lake likagoma hapo, kama linavyogoma kwenye gauni lenye mkono uliopachikwa nje ndani.

— Volti, hii pete kazi yake nini?

— Kuzuia umeme usivuke kutoka reli hii kwenda ile...

Akainama.

— Shoti. Umeme unavuka hapo, kupitia bati la tumbo.

— Si nilisema! walisema Kapteni na Hakimu kwa pamoja.

Pindo aliichomoa ekseli, akaigeuza, akaibana mahali pake. Behewa likapanda relini. Madirisha yakawaka manjano, treni ikaondoka, na kwenye kona ya kwanza ikaanza: kwii, kwii, kwii.

— Bado linalia, alisema Pindo kwa aibu.

— Ulitaka lisilie? Wifi alikuwa ameinamisha sikio mezani. Mama yetu alikuwa akisikia hivyo anatafuta panya. Kaka anacheka mpaka anajificha chini ya kitanda.

Treni ikazunguka, ikazunguka tena.

— Liache hapahapa, wifi yangu, alimwambia Pindo. Nitakuwa nakuja kulisikiliza. Akalinyanyua birika, akalitikisa. Na kahawa yote mmeinywea kazi gani?