Dokta Mahfoudh na Chupa ya Bi Mize

Dokta Mahfoudh Suud anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuyahudumia macho ya Unguja kwa miaka thelathini na miwili. Kazi ya kumwandika nimepewa mimi, Khairat, muuguzi wake, na tangu juzi sijui nianze na vicheko au na lile jicho.

Alizaliwa Mtoni, akasomea Bara, akarudi. Ni mtu wa kuitafuta miwani kliniki nzima huku ameivaa. Lakini hakuna aliyemzidi kwa kusaka ugonjwa wa magamba ya jicho: unga mweupe, mfano wa mba, unaotanda juu ya lenzi na kuziba njia ya maji, presha ya jicho ikapanda bila maumivu na kuua uwezo wa kuona polepole. Mboni ikiwa ndogo unga hujificha, kwa hiyo hakuruhusu mzee yeyote aondoke bila kutiwa dawa ya kuipanua. Wazee wa Paje walinung'unika kwamba watarudi kwao wakipapasa. Aliwacheka, akawatia.

Kisha akaja Bi Mize wa Jang'ombe, akatuvuruga akili sote. Unga ulikuwamo katika macho yote mawili, akapewa matone ya kutia kila usiku. Kila akija kliniki presha yake ilikuwa nzuri, na Dokta akimsifu mbele ya wenzake. Hata hivyo uwezo wake wa kuona ulizidi kupungua, jicho la kushoto likawa linazimika. Tulishuku mashine, tukatiliana shaka wenyewe kwa wenyewe. Dokta alikaa na faili lake mpaka chai ikapoa, na hakuelewa kitu.

Jibu lilikuja siku ya pili ya Idi, Dokta alipokwenda kumtembelea Bi Mize. Hajamaliza kikombe, jirani akapiga hodi kuulizia dawa ya macho. Kumbe chupa ile ilikuwa ya mtaa mzima! Ilizunguka nyumba kwa nyumba, ikarudi kwa mwenyewe siku chache kabla ya kliniki; siku nyingine zote presha ilipanda bila sisi kujua.

"Mwanangu, mie nnaona uchoyo kukaa na dawa na jicho la mwenzangu linamuwasha," Bi Mize alimweleza. "Ila siku za kuja kwako nnaitia vizuri, nsikuaibishe."

Dokta hakumgombeza. Aliwaita majirani wote waje kupimwa, na mmoja wao, Mzee Ubwa, alikutwa na unga uleule, ungali mwanzoni. Bi Mize akawa na chupa yake peke yake, na jicho la kulia likaokoka. La kushoto halikurudi. Dokta hajajisamehe kwa zile sifa alizokuwa akimmwagia, na sisi tumechoka kumwambia kwamba tulidanganyika pamoja.

Wiki iliyopita Bi Mize alikuja kumuaga, akalia. Dokta alitoa leso, akaanza kumpangusa jicho la kushoto, lile lisilomwona. Tuliokuwapo hatukujua tutazame wapi.

Ahsante, Dokta, kwa kutufundisha kazi na kutuvumilia. Mola akujaalie afya, usingizi wa mchana na wajukuu watundu. Miwani yako nenda nayo. Lile jicho la Bi Mize tuachie sisi, usiende nalo nyumbani.