Moto Uliokuwa Katika Damu ya Sekhobe

Wafiwa na majirani, kila mmoja aape kwanza moyoni kwamba nitakayosoma hayatavuka zizi la ukoo huu, maana nami niliapa kando ya kitanda cha mdogo wangu Sekhobe, na kiapo hicho leo nakivunja.

Marehemu Sekhobe Lephoto alizaliwa tarehe 14 Julai 1952, hapa Ha Lephoto, wilaya ya Mafeteng, katikati ya kipupwe chetu, theluji ikiwa imeziba mlango, akachunga kondoo hadi miaka kumi na mmoja, akaingia shule ya misheni, akafika darasa la sita, madarasa mawili kunizidi, wala hakuacha kunikumbusha. Mwaka 1973 alikwenda Welkom kuchimba dhahabu, akarudi 1998 na kifua kinachopiga filimbi. Alimwoa marehemu 'Mathuso tarehe 8 Septemba 1979, wakajaliwa mwana mmoja, Thuso, aliyetuletea mkwe, Limakatso, ambaye ndiye aliyemtunza mzee hadi mwisho.

Shukrani nizitoe hapa, maana mwishoni sauti itanikimbia: kwa madaktari, kwa Sista Nthatisi, muuguzi wa wodi, kwa wachimbaji wenzake, na kwa majirani mliochimba kaburi ardhi ikiwa ngumu.

Asubuhi ya tarehe 6 Machi 2023, akinywa uji wa mtama aliouchachusha Limakatso, kikombe kilimponyoka, upande wa kulia ukafa. Hospitalini walimtoa damu, na Sista akatueleza kwamba ipo namba katika damu inayopima moto wa mwili, yaani uvimbe wa ndani, baada ya kiharusi, ikishuka tutumaini, ikipanda tuogope. Ilianza themanini, ikaja arobaini, ikaja kumi na mbili, na siku hiyo Sekhobe alichezesha kidole gumba cha mguu, tukalia kwa furaha. Alhamisi ya tarehe 30 ikasoma mia na sitini.

Hofu iliyotuingia siwezi kuieleza, kila aliyeleta chakula alitazamwa mikono, na daktari hakuona chanzo, kwa kuwa mgonjwa alikataa kuvuliwa soksi, akidai nyayo zinamganda. Ndipo pakavuma kwamba uji wa mkwe una kitu, na aliyeufikisha uvumi huo kisimani ni mimi. Limakatso akazuiwa wodini, Thuso akaambiwa amrudishe kwao, lakini namba ikazidi kupanda, nami nikazidi kuiogopa, maana damu ile ilikuwa mmbea kunishinda.

Sekhobe alifariki tarehe 9 Aprili, sumu ya vidonda ikiwa imeenea mwilini, na Limakatso mmemketisha peke yake nje ya turubai. Yaliyotokea Jumanne iliyotangulia Sista aliniachia niyalete nyumbani kwa kinywa changu, na kinywa hiki kisichoshindwa na habari kilishindwa.

Siku ya kwanza Sekhobe aliniambia kwa ulimi mzito, “Dada, nichanje kama baba alivyochanjwa alipopooza. Usimwambie mtu.” Nikamchanja, chale moja kila nilipokwenda kumtazama; mguu haukuwa na hisia, hakulia. Jumanne hiyo, saa ya kutazama wagonjwa, wodi imejaa hadi mlangoni, Sista Nthatisi alifunua blanketi miguuni, na watu wote, wageni wa wagonjwa wengine, hakuna wa kwetu, wakaona soksi imevuliwa, chale saba kifundoni zinatoka usaha, dawa nyeusi kwenye kitambaa, na mkono ulioshika wembe.

“Bibi,” akasema taratibu, “weka chini.”

Mkono ulikuwa wangu. Limakatso, mwanangu, ingia ndani ya turubai. Sekhobe, lala, nisamehe.