Vitambulisho Kumi na Kimoja: Risala ya Kikundi cha Kazi na Maisha, Ntimaru

Mgeni rasmi, Naibu Kamishna wetu, machifu na manaibu wao, wachungaji, wazazi wetu na waajiri wetu, pamoja na wenzetu watano wa kisiwa cha Mfangano waliovuka ziwa jana, wakalala Migori ili leo wawe nasi: hamjambo nyote.

Makaribisho

Karibu Ntimaru, mgeni rasmi. Karibu katika ukumbi huu ambao sakafu yake tumeipiga deki sisi wenyewe jana na tena leo asubuhi, kwa sababu mvua ilirudisha tope.

Sisi ni watu wazima thelathini na wawili wenye ulemavu wa ukuaji. Wengine wetu tuna hali ya Down, wengine usonji, wengine tuliumia ubongo siku ya kuzaliwa. Mdogo wetu ana miaka kumi na tisa na mkubwa ana hamsini na moja. Tunasema umri wetu mapema kwa sababu watu hutuita watoto.

Ninayewasomea ni Eucabeth, katibu wa kikundi. Maneno haya tuliyasema wote katika mkutano wa Jumanne, Mwalimu Metrine akayaandika, nami nikayasoma nyumbani mara kumi. Mkiona nimenyamaza, sijasahau. Natafuta mstari.

Tulikotoka

Tulianza miaka sita iliyopita katika jiko la kanisa, watu saba na mama zao. Mwalimu Metrine alikuwa amestaafu kufundisha kitengo maalum cha shule ya msingi. Kila alipopita vijijini alikuta wanafunzi wake wa zamani wamekaa nyuma ya nyumba, hawana la kufanya. Akawaambia wazazi, "Nileteeni siku mbili kwa wiki. Msiniulize watakuwa nini. Leteni tu."

Mwaka wa kwanza hatukujifunza kazi yoyote. Tulijifunza kuoga bila kukumbushwa, kufua, kusonga ugali, kusoma saa, kuvuka barabara malori yanapotoka upande wa mpakani. Tulijifunza pia kumwambia "Sitaki" mtu anayetushika vibaya, na kulisema kwa sauti. Hilo lilichukua muda mrefu kuliko ugali.

Tuliyofanikiwa

Mgeni rasmi, leo kumi na wanne kati yetu wana kazi. Wesley anashona midomo ya magunia kwenye kinu cha kusaga, na tangu aanze hakuna gunia lililofumuka njiani. Wengine wanafua, wengine wanatunza miche ya kahawa, wawili wanapika chai ya walimu. Mtu akipata kazi, Mwalimu huenda naye. Wiki ya kwanza anasimama kando yake. Wiki ya pili anasimama mlangoni. Mwisho wa mwezi anabaki nyumbani, na mtu anakwenda peke yake.

Wenzetu wa Mfangano walikuja kutuona mwaka juzi, wakarudi kisiwani wakaanzisha kikundi chao cha kuanika na kufunga omena, dagaa wa ziwani. Wamekuja na gunia moja. Utaonja, mgeni rasmi.

Lakini tuliamua kukueleza habari za mtu mmoja kwa urefu. Ni Werema, aliyekaa pale karibu na dirisha, mwenye shati la bluu. Ametukubalia, na dada yake Nyamoita ametukubalia.

Werema ana miaka thelathini na minne. Hasemi maneno mengi, na akiulizwa kwa haraka hunyamaza kabisa. Wazazi walipofariki alibaki na Nyamoita. Nyamoita akienda shambani alikuwa akimfungia ndani kwa kufuli, kwa kuogopa barabara. Alitwambia Jumanne, "Andikeni hivyo hivyo. Nilimfungia miaka minane. Sikujua lingine la kufanya."

Alipokuja kwetu tuliona kwamba ukimwekea maharagwe kwenye ungo, hakuna jiwe linalompita. Mama Benta, mwenye ghala la nafaka hapa sokoni, akamchukua kwa majaribio. Mama Benta yupo hapa, na hataki tumsifu, kwa hivyo tunasoma aliyoyasema mwenyewe: "Nilimchukua kwa huruma. Wiki ya pili nilimpa gunia ambalo mimi nilikuwa nimeshalichambua. Akatoa mawe kumi na saba. Huruma ikaisha hapo. Nikamwambia kesho aje saa moja na nusu."

Mwaka jana Mama Benta alipata oda ya kupeleka maharagwe shuleni. Sharti likawa kwamba kila mfanyakazi aandikishwe, na kuandikishwa kunataka kitambulisho. Werema hakuwa nacho. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba atakihitaji.

Mara ya kwanza alikwenda na dada yake. Karani aliyewapokea hakumtazama Werema, alimtazama Nyamoita, akamuuliza, "Huyu atakitumia wapi? Ya nini kumchosha?" Wakarudi nyumbani.

Mara ya pili walimpeleka mbele ya wazee wa kupiga msasa, wanaohakikisha kwamba mtu ni mwenyeji, kama ilivyo kawaida kwetu sisi wa mpakani. Wakamuuliza maswali matano kwa mpigo: baba, babu, ukoo, jirani, shule. Werema akatazama chini. Mzee mmoja akasema, "Pengine si wetu. Pengine ni wa ng'ambo." Nyamoita akalia njia nzima. Werema hakulia, ila hakwenda ghalani siku tatu.

Sisi tukakaa kikao. Tukapanga meza na viti hapa ukumbini, Wesley akaigiza mwenyekiti wa wazee, na alikuwa mkali kuliko wazee wenyewe, alipiga meza mpaka Mwalimu akamwonya. Kila Jumanne na kila Alhamisi, kwa miezi miwili, Werema alisimama mbele ya meza hiyo. Siku nyingi hakusema kitu. Hatukumfukuza na hatukumjibia.

Mara ya tatu tulikwenda watu tisa, tukakaa benchi la nyuma. Wakamuuliza tena, kwa mpigo. Akatazama chini. Nyamoita akainuka amjibie, Mwalimu akamshika mkono. Tulingoja. Kisha Werema akainua uso, akamwambia mwenyekiti, "Mzee, uliza polepole."

Sisi hatukumfundisha maneno hayo. Aliyatoa mwenyewe.

Mzee akavua miwani, akasema, "Sawa, mwanangu. Baba yako ni nani?" Werema akamtaja. Akamtaja babu. Akataja ukoo, akataja kisima wanakochota maji na jirani aliyekichimba, jambo ambalo hata hawakuliuliza. Mzee akaandika, kisha akasema, "Kumbe babu yako nilimjua."

Kitambulisho kilitoka mwezi wa tatu. Sasa Werema ameandikishwa, ana bima ya afya kwa jina lake, na ana laini ya simu. Nyamoita alimuuliza kufuli tulitupe au tulitunze. Akasema linafaa kwa kuku.

Yanayotukwamisha

Mgeni rasmi, kumi na mmoja wetu bado hawana vitambulisho. Mmoja wao ni Mong'ina. Alifua na kukunja mashuka katika nyumba moja ya wageni kwa mwaka mmoja na miezi minne, bila kukosa siku. Mwenye nyumba alipoambiwa awaandikishe wafanyakazi, alimwachisha kazi. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Ukipata karatasi, rudi." Ni miezi mitano sasa. Mong'ina bado anaamka saa kumi na moja na kuvaa aproni.

Hatulaumu wazee wala makarani. Wengi wao hawajawahi kukaa na mtu kama sisi kwa nusu saa. Lakini Werema alihitaji watu tisa na miezi miwili. Kumi na mmoja kwa mwendo huo ni karibu miaka miwili, na mwajiri hawezi kungoja.

Tunayoomba

Tunaomba ofisi yako ipange siku moja, maafisa wa usajili na wazee wa msasa waje hapa hapa ukumbini, mahali tulipopazoea. Tunaomba siku hiyo kila mtu apewe nusu saa. Tunaomba aulizwe yeye, si aliyemleta. Na mtu asiyesema kwa mdomo akubaliwe kujibu kwa picha, kwa kidole, au kwa kuwapeleka wazee hadi mlangoni pa nyumba yake.

Chai siku hiyo tutapika sisi.

Mwisho

Kabla hujasimama kutujibu, mgeni rasmi, tunaomba jambo moja dogo. Kumi na mmoja hao wako safu ya mbele. Kila mmoja atasimama mahali pake akwambie jina lake na kazi anayoijua. Wawili wataonyesha kwa mikono. Mimi naketi sasa, na Mong'ina ndiye anayeanza.

Mungu akulinde njiani, aibariki nyumba yako na ofisi yako, na awape afya wote waliotufungulia milango.

Ni sisi,
Kikundi cha Kazi na Maisha, Ntimaru.