Odell Purifoy, Mlinda Mlango wa Kanisa la Mlima Nebo (1962–1993)

Wasifu huu umeandikwa na mama mzazi wa marehemu, Bi. Earline Purifoy, naye ameagiza usomwe wote, bila kuruka neno.

Odell James Purifoy alizaliwa Montgomery, Alabama, tarehe 9 Mei 1962. Alimaliza sekondari mjini hapa mwaka 1980, akaajiriwa posta.

Tangu utotoni alihudumu mlangoni hapa Kanisa la Mlima Nebo, akiwapokea waumini, glavu nyeupe mkononi, na hakuwa na mchezo. Shangazi Vesta alichelewa Jumapili moja, akamnong'oneza, "Niache nipite, miguu inaniuma." Odell akamjibu, "Watu wanasali, Shangazi. Na miguu isali kidogo."

Akiwa na miaka kumi na tisa alimwambia mama yake kwamba anapenda wanaume. Mama alikuwa akimenya viazi vitamu.

"Na huyo mwanamume ana kazi?"

"Bado sijampata, Mama."

"Ukimpata, awe na kazi."

Mwaka 1986 alimpata Clement Ruddick, fundi wa piano. Waliishi pamoja hadi mwisho, na familia hii inaiita ndoa.

Februari 1988 rafiki yake, Lucius Battle, alifariki kwa Ukimwi. Wazee wa kanisa waliamua jeneza lisiingie ndani. Siku hiyo zamu ya mlangoni ilikuwa ya Odell.

"Funga, kijana," mzee mmoja alimwambia.

"Nimewekwa hapa kuwafungulia watu, mzee wangu. Lucius ni mtu."

Akafungua milango yote miwili. Hata sauti hakupandisha. Jeneza likaingia.

Baada ya hapo hakunyamaza tena. Aliyekuwa akiona haya kuomba chumvi mezani alisimama mbele ya baraza la jiji, akaandamana hadi ngazi za bunge la jimbo, akidai vitanda na dawa kwa wagonjwa waliokuwa wakikimbiwa. Nyumbani walimtazama wakajiuliza ujasiri ule ameutoa wapi.

Mwaka 1991 aliugua. Alifariki nyumbani tarehe 3 Oktoba 1993, Clement akiwa amemshika mkono. Wiki hii mama ameshauriwa, kwa nia njema, aandike kwamba ni nimonia iliyomuua, na Clement aitwe rafiki. Lakini Odell alimwomba jambo moja tu: "Mama, nikifa usinifiche."

Basi kanisa lisikie. Odell amefariki kwa Ukimwi, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Ameacha mama yake, Earline. Dada yake, Ruthanne. Shangazi yake, Vesta. Na mume wake, Clement.

Pumzika kwa amani, mwanangu. Sikukuficha.